Ule wimbo wa santuri ya baba, mbona kwenye simu si wenyewe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 61. Utotoni mwangu baba alikuwa na santuri na redio, na kuna wimbo mmoja wa dansi niliokua nao. Mchana tuliusikia kwenye santuri, usiku kwenye redio ndogo niliyokuwa nikilala nayo sikioni. Mwaka huu mjukuu wangu amenitafutia wimbo huohuo kwenye simu. Jina ni lile, mwimbaji ni yule, lakini kwangu si wenyewe. Uko chini, unakokota, kuna gita ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu, na pale ulipokuwa ukiishia, huu unaendelea tu. Halafu kwenye ubeti wa pili huwa nangoja "tak, tak, tak" ambayo haiji. Wanangu wanasema ni uzee. Je, kumbukumbu inanidanganya, au huu ni wimbo mwingine? Sahani ya baba bado ninayo, na mashine yake pia.

JIBU: Shikamoo dada. Hao watoto waambie wasubiri kwanza. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za santuri na kuhamishia rekodi za zamani kwenye kompyuta, na malalamiko kama yako yananifikia mara kwa mara. Mara nyingi mlalamikaji ndiye huwa na haki. Karibu kila ulichokitaja kinaweza kuwa na chanzo nje ya kichwa chako: kwenye mota, kwenye waya mmoja mwembamba, hata angani. Wewe hukuhifadhi wimbo kama ulivyotoka studio. Uliuhifadhi pamoja na mashine ya baba, na kwenye simu mashine hiyo haimo.

Tuanze na hilo la "uko chini, unakokota", kwa kuwa ndilo zito na ndilo linalopimika.

Sahani ikizunguka haraka, vitu viwili hupanda pamoja: mwendo wa wimbo na kimo cha sauti. Kasi zilizozoeleka ni tatu. Kuna mizunguko 78 kwa dakika, ya zile sahani nzito za zamani zinazovunjika kama kigae. Kuna 33 na theluthi, ya sahani kubwa za nyimbo nyingi ambazo kampuni ya Columbia ya Marekani ilizileta mwaka 1948. Na kuna 45, ya zile ndogo zenye tundu kubwa, ambazo RCA Victor ilizitoa mwaka uliofuata kushindana nayo. Mtoto yeyote aliyekua na mashine hii amewahi kuweka sahani ya 33 kwenye 45 akacheka mpaka akafukuzwa sebuleni: sauti hupanda kwa kama nusutoni tano na mwimbaji mtu mzima anageuka kasuku. Kosa kubwa namna hiyo halimpotezi mtu. Linalopoteza ni dogo. Mashine ikizidisha kasi kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima hupanda nusutoni moja, yaani kutoka kibonye kimoja cha piano hadi jirani yake wa karibu kabisa. Hapo hakuna anayecheka. Nyumba nzima huzoea, na mtoto aliyeupokea wimbo hivyo huamini ndivyo ulivyozaliwa.

Kwa nini mashine ikimbie? Chanzo ninachokikuta zaidi ni mkono wa mtu. Mashine nyingi za zamani huzungushwa na gurudumu dogo la mpira linalobana kati ya puli ya mota na sinia la chuma linalobeba santuri. Mpira ukizeeka unateleza, muziki unaanza kulegea kama mlevi. Basi mwenye nyumba, au jirani anayejiita fundi, anazungushia tepu kwenye puli ili ishike. Inashika kweli. Lakini puli yenye upana wa milimita 6, ukiivisha tepu ya milimita 0.15, inakuwa 6.3, na kasi imepanda kwa asilimia 5. Nimebandua tepu kama hizo nisizozihesabu, nyingine zikiwa zimegeuka jiwe. (Ajabu ni kwamba ukubwa wa gurudumu la mpira lenyewe haubadilishi kasi hata kidogo, ni puli tu. Mafundi wachanga hulibadilisha gurudumu mara tatu kabla ya kukubali.)

Chanzo cha pili ni umeme. Mota za aina fulani hufuata mapigo ya umeme wa nyumbani, na dunia imegawanyika kati ya mapigo 50 na 60 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezewa 50 ukiipeleka kwenye 60 hukimbia kwa asilimia 20. Ukifanya kinyume chake, wimbo hushuka karibu nusutoni tatu. Kwako nadhani si hili, kwani tofauti ingekuwa kubwa mno na baba angeiona. Mashine za betri zina skrubu ndogo ya kurekebishia kasi, na skrubu hiyo haiwezi kukaa nyumba moja na watoto kwa amani.

Najua wanao watauliza: nani anaweza kukumbuka kimo cha sauti kwa miaka hamsini? Mwaka 1994 mtafiti Daniel Levitin alichapisha jaribio ambalo watu wa kawaida, wasio na kipaji maalumu cha kutaja noti, waliombwa kuimba kwa kukumbuka nyimbo walizozipenda kutoka kwenye rekodi. Kama asilimia 40 yao waligonga sauti ileile ya rekodi angalau mara moja katika majaribio mawili. Miaka miwili baadaye, yeye na Perry Cook walipima mwendo wa nyimbo hizo: mara nyingi waimbaji hawakukosea zaidi ya asilimia 8. Hao walikuwa vijana, na nyimbo zao hazikuwa za nusu karne iliyopita, kwa hiyo sitakuapia kwamba sikio lako ni kipimo. Ila mtu akiniambia wimbo uko chini, mimi huenda kupima mashine kabla ya kumpima yeye.

Na kosa linaweza kuwa limetoka kiwandani. Albamu ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, iitwayo Kind of Blue, iliyotoka mwaka 1959, ilikuwa na nyimbo tatu za upande wa kwanza zenye sauti ya juu kidogo kuliko zilivyopigwa, kwa sababu mashine ya kunasia ilikuwa ikienda polepole siku ile, na kilichonaswa polepole kikipigwa kwa kasi ya kawaida hupanda. Ziliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi mkanda wa akiba ulipotumika katika miaka ya 1990. Kuna wapiga ala waliojifunza nyimbo hizo kwa kufuatisha sahani huku wakilazimika kukaza nyuzi zao ili zilingane nayo. Toleo lililosahihishwa lilipofika, wapo waliolisikia kama wewe unavyousikia huo wa kwenye simu.

Sasa ile "tak, tak, tak". Hii nimeipenda kuliko yote, kwa sababu imebeba ushahidi. Huo ni mkwaruzo unaokatisha mifuo kadhaa iliyopakana, yaani ile mitaro myembamba ambamo sindano hupita, na sindano huukuta mara moja katika kila mzunguko. Kwa hiyo mlio ule ni saa. Imba ubeti wa pili polepole kichwani, ugonge meza pale tak inapokuja. Kati ya mlio na mlio pakiwa na karibu sekunde mbili kasoro kidogo, yaani 1.8, uliusikia kwenye sahani kubwa ya 33. Pakiwa na sekunde moja na theluthi, ni sahani ya 45. Na mlio ukienda sawa na mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia, ni 78. Tak yako inaweza kutueleza uliukuta wimbo kwenye sahani ipi, hata kama ungekuwa umeipoteza.

Mimi mwenyewe nina jeraha kama hilo. Mjomba alikuwa na sahani ya 45 ambayo sindano iliruka mfuo mmoja katikati ya kiitikio. Niliucheza wimbo ule miaka yote ya utoto bila kujua kuna kitu kimekatwa, na wala mguu haukujikwaa. Nilipokuwa mtu mzima nikaelewa kwa nini: wimbo ulikwenda mapigo 90 kwa dakika, na mzunguko mmoja wa 45 unameza mapigo mawili kamili ya mwendo huo. Mkato ulikuwa umenyooka kama wa mshonaji. Hadi leo nikiusikia mzima, mwili wangu unawahi mbele mapigo mawili na kunisubiri huko.

Gita usilolijua. Hapa nina washukiwa watatu, na wa kwanza ni waya. Sahani za stereo zilianza kuuzwa mwaka 1958. Mfuo wake una kuta mbili. Ukuta mmoja umebeba sauti ya kushoto na mwingine ya kulia. Kichwa cha sindano kinazitoa kwa nyaya nne nyembamba kama nywele: nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Waya mmoja ukikatika, na hukatika kwa kuguswa na kidole tu, ukuta wake mzima unanyamaza. Katika stereo za mwanzo wahandisi walipenda kutenganisha watu kama maharusi waliogombana, mwimbaji huku na gita kule. Nyumba yenye waya uliokatika ilipata wimbo bila gita, na kwa kuwa mashine ilikuwa inalia vizuri, hakuna aliyekwenda kutafuta kilichokosekana.

Kulijaribu hili ni rahisi. Mwambie mjukuu akupe visikizio vyake. Usikilize wimbo wa kwenye simu kwa sikio la kushoto tu, kisha la kulia tu. Upande mmoja ukiondoa gita na wimbo ukarudi kuwa wa nyumbani kwenu, mshukiwa amekamatwa.

Mshukiwa wa pili ni mchanganyo mpya. Kampuni zinapotoa upya nyimbo za zamani, wakati mwingine hurudi kwenye mikanda ya studio na kupanga upya sauti za ala, na gita lililokuwa limezikwa linafufuliwa. Wakati mwingine mwimbaji mwenyewe alihama kampuni akairekodi nyimbo ileile upya, kwa jina lilelile, na bendi nyingine. Hapo jibu la swali lako la mwisho lingekuwa ndiyo, ni wimbo mwingine. Ili kujua, washa taa na uangalie sahani ya baba karibu na lebo, pale pasipo na mifuo ya muziki: kuna namba iliyochongwa kwenye plastiki yenyewe. Hiyo hutambulisha upande ule kwa uhakika kuliko lebo, kwa kuwa lebo zilibadilishwa kila sahani ilipochapwa upya na wakati mwingine zilibandikwa kwa makosa.

Wa tatu ni redio yako ya usiku, na huyu anahitaji nafasi yake.

Kama redio ile ilikuwa ya mawimbi ya kati, ilikupa kipande tu cha wimbo. Vituo vya mawimbi hayo hupangwa kwa kukaribiana, kilohezi (maelfu ya mitetemo kwa sekunde) 9 au 10 kutoka kimoja hadi kingine, na ili majirani wasiingiliane, redio nyingi ndogo hukata kila sauti nyembamba kuanzia kilohezi 5 kwenda juu, nyingine hata kabla ya kufika hapo. Sikio la mtoto husikia hadi karibu 20. Kwa hiyo milio ya matoazi, pumzi ya mwimbaji, kucha za mpiga gita kwenye nyuzi, vyote vilibaki nje ya mlango. Kwa upande wa chini, spika ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa haina nguvu ya kusukuma besi yoyote ya maana. Na bado utaniapia kwamba uliisikia besi. Uliisikia, kwa sababu kila noti nzito huja na kundi la noti nyembamba zinazoifuata kwa mpangilio wake, na ubongo ukilisikia kundi hilo peke yake hujaza mkubwa wao aliyekosekana. Besi ya redio ndogo ilipigwa nusu na mwanamuziki, nusu na wewe. Simu inapokuletea besi nzima kupitia visikizio, ile uliyojijazia inakosa kazi.

Na kwa nini usiku? Mchana kuna tabaka la anga, kimo cha kilomita 60 hadi 90 hivi, linalofyonza mawimbi ya kati yanayopanda juu. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapanda hadi matabaka ya juu zaidi na kurudishwa ardhini mbali sana na mtambo. Ndiyo maana kituo kisichoshika mchana kiliingia chumbani usiku kikizungumza lugha ya kigeni. Lakini wimbi hilo huja kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazikubaliani. Mara zinasaidiana, mara zinauana. Sauti inajaa, inazama, inageuka ya ndani ya mtungi, kisha inarudi katikati ya mstari mwingine. Watoto wengi walijifunza maneno ya nyimbo katika hali hiyo, wakiziba mapengo kwa maneno yao wenyewe. Kama una mstari unaouimba tofauti na simu, usione haya. Mimi ninao mitatu, na mmoja wapo ninaona ni bora kuliko wa mtunzi.

Mwisho wa wimbo ni jambo jepesi. Geuza sahani. Nyimbo ndefu za dansi ziligawanywa mara mbili kwenye sahani ndogo, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, na kwenye nyumba nyingi upande wa pili haukupigwa, au ulipigwa kama wimbo mwingine kabisa. Simu imeziunganisha. Kama upande wa pili una jina jingine, basi huenda wimbo ulipunguzwa kwa ajili ya sahani ndogo na ukaachwa mrefu kwenye albamu. Sahani za 78 hazikuwa na hiari: zile za kawaida zilichukua kama dakika tatu tu, na bendi ilimaliza kwa sababu nafasi imekwisha.

Sasa mashine na sahani, kabla mtu hajakusaidia kuviharibu.

Angalia kwanza ni kasi gani. Ikiwa ni 78 ya zamani, nzito na inayovunjika, huenda ni ya shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Usiisafishe kwa spiriti yoyote. Shelaki huyeyuka ndani ya spiriti na mifuo itaondoka na kitambaa. Na usiweke sindano ya sahani za vinili, zile za plastiki za 33 na 45, juu yake. Mfuo wa 78 ni mpana karibu mara tatu, sindano nyembamba inazama chini kabisa na kusoma uchafu. Ikiwa ni ya vinili, maji yaliyochujwa na tone moja la sabuni laini ya vyombo yanatosha, ukifuata mviringo wa mifuo na kuepuka lebo. Zikaushe zikiwa zimesimama, na zihifadhi zimesimama vilevile, kamwe zisilaliane. Sindano ya tangu enzi za baba usiitumie hata mara moja kwa hamu. Iliyochongoka kwa uzee hukata muziki, na kilichokatwa hakirudishwi na fundi yeyote.

Ukiwa na sindano mpya, pima kasi kabla ya kusikiliza. Bandika kipande kidogo cha karatasi pembeni mwa lebo, weka sahani izunguke na sindano ikiwa juu yake, kwa kuwa uzito wa sindano nao hupunguza mwendo, kisha hesabu mara ambazo karatasi inapita mbele yako kwa dakika nzima ya saa. Kwa sahani ya 45 ukipata 45, nimekosea kuhusu mota na tutatafuta kwingine. Ukipata 47, baba alikuwa akiwapigia wimbo huo robo tatu ya nusutoni juu yake, na mjukuu anaweza kuipandisha ya kwenye simu kwa asilimia 4.4 kwa programu yoyote ya kuhariri sauti, ilimradi achague ile inayopandisha mwendo na sauti pamoja. Akitaka kukupa na ile redio ya usiku, aziunganishe sauti za kushoto na kulia ziwe moja, akate kila kilicho chini ya hezi 200 na juu ya hezi 4,500, kisha apigie kwenye spika ya simu yenyewe, bila visikizio.

Tepu ya kwenye puli, ukiikuta, usiibandue mpaka umeshahesabu. Niandikie namba uliyoipata na ile iliyochongwa karibu na lebo.